Jiko Lisiloshika Kutu

Kama kulikuwa na mtu Donholm nzima aliyejua kuchagua kitu cha kukaa nje, kinyeshewe, kipigwe na jua, na bado kiitwe kitu, basi ni Lydiah, ambaye majirani walimwita Mama Gichuru. Mumewe Mbuthia angenunua chochote mradi king'ae. Walipohamia ile nyumba yenye uwanja mdogo nyuma, mwaka wa themanini na tano, Mbuthia alileta viti vinne vya kukunja vya turubai ya rangi ya machungwa, na mvua za Aprili zilipokwisha vilikuwa vimebaki mifupa mitupu. Lydiah hakumgombeza. Alichukua mkoba wake akaenda kwa mafundi wa Gikomba kutafuta jiko la kuchomea nyama, na huko akagonga mapipa tisa kwa ufunguo wa nyumba, akisikiliza mlio wa kila moja, hadi fundi Patrobas akachoka naye.

"Mama, unanunua jiko ama unanunua ngoma?"

"Nanunua kitu cha kurithiwa na wajukuu," akajibu. "Hayo mabati yako laini kapikie chai."

Akachagua pipa zito, akalinusa ndani, akaamuru lichomwe kwa kuni mara mbili kabla ya kukatwa, maana nani ajuaye lilibeba rangi ama dawa ya kunguni? Likapasuliwa kwa urefu, likachomelewa miguu minne, na juu likawekewa wavu wa vyuma, si ile waya ya kuku ambayo wengine waliuziwa na wakashukuru.

Na kulitunza sasa, ee bwana! Nyama ikiisha tu, wageni wakiwa bado wanachokonoa meno kwa vijiti, Lydiah alikuwa ameshamwaga majivu, kwa sababu majivu yakipata umande hula chuma. Wavu ukiwa bado moto aliukwangua kwa brashi ya waya, akachovya kitambaa katika mkebe wake wa mafuta, akaupaka kila chuma, akapaka na tumbo la pipa, kisha akalifunika jiko kwa kipande cha turubai. Majiko ya wenzake yalitoboka kabla ya mvua ya pili. Lake lilibaki jeusi tii, laini, miaka miwili sasa. Mtu akimsifu alijidai kidogo, na kwa nini asijidai?

Upande wa pili wa ua wa michongoma aliishi Muhiba, Mama Salme, na mumewe Abdurahim, mwenye duka la vitambaa Eastleigh. Wake hao wawili walikuwa wamekata mwanya katika ua ili wasizunguke barabarani kila wanapotaka chumvi. Usiku Lydiah aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa mwisho na gari likakosekana, ni Muhiba aliyemzalisha, na yule mtoto akafungwa kwa mara ya kwanza katika kanga ya Muhiba. Tangu hapo Mbuthia hakununua mbuzi bila kumwita Abdurahim avuke na kisu chake, amchinje kwa Bismillahi, ili kila aliyeketi uwanjani ale bila wasiwasi. Mara tatu walikula hivyo pamoja: Krismasi mbili, na siku Gichuru alipopita mtihani.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Muhiba. Binti yake Salme, aliyekwisha kupoteza mimba mbili, alikuwa amezaa mtoto wa kike, na siku ya saba imefika. Akika ingefanywa, mtoto apewe jina, nyama iliwe na ndugu waliotoka Majengo na Pumwani. Muhiba alivuka asubuhi kuazima jiko, uso wote kicheko. Wakalibeba pamoja, kila mmoja miguu miwili. Walipolitua, Muhiba akapitisha kidole juu ya wavu.

"Hebu ona! Shoga, wapaka nini hata haliingii kutu?"

"Mafuta tu," akasema Lydiah.

Akasikia neno lile likitoka, na papo hapo akaukumbuka ule mkebe.

Kwa maana Lydiah alikuwa akifunga soseji kiwandani, na kila mwisho wa mwezi wafanyakazi waligawiwa mkebe wa mafuta ya nguruwe. Nyumbani hakuyapikia, Mbuthia hakuyapenda. Yalikuwa mafuta ya kuzuia kutu, basi. Akilini mwake yalikaa pamoja na grisi ya baiskeli na mafuta ya taa, huko stoo. Miaka miwili amehangaika mbuzi achinjwe na nani, sufuria ipi ipikiwe nini, na siku moja, hata siku moja, hakufikiria ule mkebe.

Alirudi kwake kama mtu aliyeacha mtoto barabarani. Akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Akaanua nguo mbichi, akazianika tena. Akaingia jikoni, akasahau alichofuata, akatoka. Kupitia mwanya alimwona Abdurahim akimwaga makaa katika pipa na kuanza kupepea.

Mbuthia alikuwa kizingitini na gazeti lake. "Una nini wewe? Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Akamweleza. Mbuthia alikunja gazeti polepole.

"Nyamaza," akasema. "Moto unaunguza kila kitu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama Gichuru, sikia. Ukisema leo, hujasema ya leo peke yake. Umesema na zile Krismasi. Utamwambia nini yule mzee, kwamba alichinja kwa Bismillahi halafu wewe ukamlisha nguruwe? Unataka tuhame?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Angeweza kuvumilia kutukanwa na mtu mwingine yeyote Nairobi hii, ila si Muhiba. Akaketi, akainuka. Akaona moshi umeanza kuwa mweupe, makaa yanakolea. Mapaja ya mbuzi yalikuwa tayari kwenye sinia, yakisubiri. Nikikaa dakika tano zaidi, alijiambia, sitakuwa nimesahau tena, nitakuwa nimewalisha makusudi.

Akapiga moyo konde, akapita mwanya wa ua mbio hata mwiba ukampasua mkono.

"Mama Salme! Msiweke nyama!"

Watu waligeuka. Muhiba akamjia akipangusa mikono. "Kuna nini, mwenzangu? Wavuja damu."

"Yale mafuta uliyoniuliza." Akaonyesha wavu kwa kidole. "Ni ya nguruwe. Napaka wavu, napaka na pipa. Tangu mwanzo. Hata Krismasi. Sikufikiria, Mungu ni shahidi, niliona ni dawa ya kutu tu."

 Kicheko kilimtoka Muhiba usoni kidogo kidogo, na Lydiah akatamani angepigwa kofi, liishe. Abdurahim alikuwa amesikia. Aliweka pepeo chini, akayasogelea makaa.

"Tulipokula hatukujua," akasema, "na kwa hilo Mungu hatatushika. Sasa tunajua." Akalishika pipa kwa gunia, akalipindua, makaa yakamwagika chini. Kisha akaingia ndani kwa wageni wake bila kumtazama Lydiah.

Muhiba alileta ndoo mbili na kisu cha kukwangulia. "Kwetu sisi, kitu hicho kikigusa chombo, chombo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo," akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu asemaye na muuza duka. "Kwanza utoe mafuta yote."

"Nitaosha mimi."

"Osha."

Lydiah alikwangua hadi chuma kikatoa weupe. Akachota udongo chini ya michongoma, akausugua kwa maji kila pembe, damu ya mkono wake mwenyewe akiizuia kwa kitambaa isidondoke humo. Muhiba akamimina, akahesabu: moja. Akamimina tena: mbili.  Wanawake waliokuwa wakichambua mchele waliacha kazi wakitazama. Tatu, nne, tano. Mgongo ulimuuma Lydiah, na aibu ilimuuma zaidi. Sita. Saba. Muhiba akaliita kundi la vijana walibebe jiko wakalitie makaa mapya, akawafuata, mgongo kwa Lydiah.

Lydiah akarudi kwake, akautoa ule mkebe stoo, akautupa na kitambaa chake katika shimo la takataka. Akafunga mlango wa nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Harufu ya nyama ilikuja hata hivyo, ikapita chini ya mlango. Alisikia dua, akasikia vigelegele mtoto alipopewa jina, wala hakusikia ni jina gani.

"Nilikwambia," akasema Mbuthia. "Hata sahani hatutaona."

 Lydiah alipanga vikombe, akavipangua. Alifikiria kuziba ule mwanya mwenyewe kesho, kabla hajauona umezibwa na wao. Akalia kidogo, akanawa uso, akalia tena.

Mlango ukagongwa, si kwa adabu ya mgeni, ukagongwa kwa ngumi.

Muhiba alisimama pale, jasho limemjaa, mikono mitupu, mafuta ya mbuzi hadi kwenye viwiko.

"Watu wameshaketi. Mjukuu wangu anapokewa mikononi, wewe umejifungia. Kwa nini huji?"

"Nilidhani hamtaki kuniona. Nitawatia wageni kinyaa." Lydiah aliinamisha kichwa. "Nilidhani labda utaniletea sahani tu, ama hutaleta."

"Hupelekewa sahani jirani wa mbali." Muhiba akamshika ule mkono uliopasuliwa na mwiba, akaugeuza, akautazama. "Mama Gichuru, nimehesabu mpaka saba kwa mdomo wangu mwenyewe, watu wote wakisikia. Wataka nihesabu mpaka ngapi?"