Ng'ombe wa Chupa ya Bosi

Adhuhuri ya Jumamosi, Msusi alikuwa sebuleni akifuta maziwa kwenye kochi, mwanawe amemweka begani. Mtoto huyo mchanga walimwita Bosi kwa sababu nyumba nzima ililala na kuamka kwa amri yake, na amri ya kulala alikuwa hajaitoa tangu azaliwe. Akilazwa chali alikunja mgongo na kulia mpaka sauti ikamkauka. Mashavu yalikuwa vipele vitupu, na asubuhi hiyo Msusi aliona nyuzi za damu kwenye nepi.

Bosi akatapika tena. Mlango ukapigwa teke kutoka nje, ng'ombe akaingia.

Alikuwa ng'ombe wa kawaida, mwenye mabaka, na alikuja kila mtoto alipoyatapika maziwa yake. Alivunja meza ya kioo, akampiga Msusi teke la mbavu, akatoka. Bibi, mama mzazi wa Fundi mume wa Msusi, aliinua miguu ili vioo visimkate.

"Leo kawahi," Bibi alisema.

Mwanzoni ng'ombe alimpiga Bibi mwenyewe, akamng'oa meno ya mbele. Bibi si mjinga. Aligundua kwamba anayepigwa ni yule aliyeshika chupa, na tangu hapo yeye akawa anakoroga maziwa ya ng'ombe, mkwewe ananywesha. Kusaidiana, aliita. Maziwa ya Msusi mwenyewe alikwisha kuyapitishia hukumu: mepesi mno.

Kliniki, muuguzi alitazama mashavu ya mtoto, nepi, na mbavu za mama.

"Maziwa ya ng'ombe hayamfai huyu, dada. Yaacheni kabisa. Mnyonyeshe, na wewe mwenyewe usiyanywe. Ng'ombe hatakuja tena."

Nyumbani Bibi aliuliza, "Huyo muuguzi amezaa?"

"Sijui, mama."

"Basi."

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti, na hakuwahi kuona tatizo lisilotibika kwa chuma. "Mimi nimekua kwa maziwa hayo hayo, mama watoto," alisema. "Shida hapa ni mlango." Akachomelea mlango wa chuma wenye kidirisha cha kuchungulia. Ng'ombe aliusukuma kwa bega akapita. Fundi akaongeza nondo. Ng'ombe alizipinda, kisha akamvunja Msusi mkono wa kushoto. Fundi aliufunga mkono huo kwa vipande vya nondo vilivyobaki, akanyoosha nondo zilizopinda, akaongeza nyingine nene zaidi.

Msusi akaanza kumwaga maziwa kwenye sinki na kunyonyesha kwa siri. Vipele vikanyauka. Bosi akalala chali, mdomo wazi, mchana kutwa. Majirani walikuja kuuliza kama kuna msiba.

"Mnaona chuma hicho!" Fundi aliwaambia, akiupiga mlango makofi.

Msusi angenyamaza, mambo yangekwenda. Lakini alikuwa na furaha, maskini, na furaha haikumpa nafasi ya kufikiri.

"Si mlango, baba Bosi. Maziwa namwaga. Muuguzi alisema kweli, hebu mtazame anavyolala!"

Fundi alimpiga kofi. Alipoanguka akampiga teke palepale ng'ombe alipozoea.

"Unamnyima mwanangu chakula?"

Bibi alikuwa ameshaingia jikoni kukoroga.

Fundi aliung'oa mlango wa chuma, akaupachika kwenye chumba cha kulala. Alipima vizuri, na bawaba zake hazikulia hata kidogo. Sebule ikabaki na uwazi mtupu unaotazama uani. Kisha alimwamsha Bosi, akampakatisha mkewe, akamtia chupa kwenye mkono mzima.

"Na sisi tuingie chumbani?" Msusi aliuliza.

"Wewe unanywesha," Fundi alisema. Akaingia na mama yake, wakapiga komeo. Jicho la Bibi likatokea kwenye kidirisha.

Bosi alikunywa kwa sababu alikuwa na njaa. Nusu ya chupa akaanza kulia, akakunja mgongo, yote yakamwagika kwenye gauni la mama yake. Uani kwato zikasikika, hazina haraka. Msusi alimfunika mtoto kwa mwili wake na mkono wenye nondo.

"Kaitapika yote," Bibi alisema kupitia kidirisha. "Nimekoroga nyingine, mkwe wangu. Iko hapo nyuma yako."