Ufunguo wa Ukurasa wa Thelathini na Saba

Alhamisi ile gari la maktaba lilifika kijijini Scarbeck saa nane na dakika kumi, likaegeshwa kando ya kanisa, likapiga honi mara mbili. Clifford Raistrick alikuwa mezani akimenya viazi. Mkewe, Hilda, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, riwaya imefunguka mapajani. Kwa kawaida honi ikilia Hilda huwa ameshavaa koti. Siku hiyo hakuinuka. Clifford alimaliza kiazi kilichokuwa mkononi, akamtazama, akaona kwamba amekufa.

Daktari alikadiria kuwa zilikuwa zimepita saa mbili. Muda wote huo Clifford alikuwa mlemle chumbani. Hakuona tofauti, maana kimya kilikuwa ndiyo kawaida ya nyumba. Kitu cha mwisho alichosikia kutoka kwa mkewe kilikuwa swali kuhusu riwaya ile.

"Cliff, wewe unaonaje? Mume ndiye aliyemuua?"

Naye akajibu, "Mm."

Alikuwa amejibu hivyo kwa miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kujenga kuta za mawe huko malishoni, zile zinazosimama bila saruji, na aliamini kuwa kitu kikishakaa sawa hakihitaji kusemeshwa.

Wasomaji wa gari lile, wengi wao wazee, walikuwa na desturi ya kutia alama ya siri kwenye kila kitabu walichokwisha kusoma, wasije wakakiazima tena kwa kusahau. Bi Thwaite, jirani yao, alichora samaki ukurasa wa kumi. Hilda alichora ufunguo mdogo chini ya ukurasa wa thelathini na saba, mara tu alipoufikia. Tena, tofauti na wenzake, aliandika maoni yake kwa penseli kwenye karatasi tupu ya mwisho. Hakusoma kitu ila riwaya za kigothi na za taharuki: majumba juu ya miamba, vyumba visivyofunguliwa, watumishi wanaojua mengi.

Baada ya mazishi ya Hilda funguo zake ziliendelea kuonekana vitabuni. Maureen, mkutubi aliyeendesha gari hilo, alifungua maboksi ya vitabu vilivyotoka kiwandani wiki hiyohiyo, akakuta ufunguo ukurasa wa thelathini na saba, na maoni mwishoni. Vitatu vya kwanza alivifuta kwa kifutio. Kisha akaacha, kwa sababu wasomaji walilalamika kuyakosa maoni yake.

"Kadi yake nilishaifunga," alimwambia Clifford, ambaye alikuwa ameingia kwenye gari lile kwa mara ya kwanza maishani. "Naona haijamzuia."

"Umzuie nani, Hilda?" alidakia Bi Thwaite kutoka kwenye rafu za nyuma. "Huyo hata mvua ya mawe haikumzuia kuja hapa. Wewe Clifford umepotea njia? Vifaa vya ujenzi haviuzwi humu."

"Nataka kadi," alisema Clifford.

Alichukua vitabu vinne. Nyumbani alianza na kurasa za mwisho. Mwandiko ulikuwa uleule, umelala kidogo kushoto.

*Nyumba nzuri, ukungu umezidi. Mtu hakai ndani ya ukungu kurasa mia mbili bila kukohoa.*

*Dhoruba ije mara moja. Ikija kila sura inakuwa hali ya hewa tu.*

*Binti anasikia nyayo darini, anapanda na mshumaa. Mimi ningebandika birika kwanza. Mzimu una subira.*

Clifford alitafuta jina lake. Hakulipata. Alichokitaka hakikuwa kikubwa: mstari mmoja ulioandikwa kwake, hata wa kumtukana. Akarudisha vinne, akachukua vinne vingine. Aliendelea hivyo majira ya baridi yote, na kwa kuwa hakutaka kupitwa na neno, akaanza kuvisoma kuanzia mwanzo. Aligundua kuwa mkewe alikuwa mcheshi. Kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Mwezi wa tatu alifika kwenye kitabu kisicho na mzimu. Hakuna aliyefungiwa chumbani, hakuna aliyesukumwa kutoka ngazini. Hilda alikuwa ameandika hivi:

*Mume wa nyumba hii si katili. Hajibu, basi. Watu watasema hakitishi. Mimi nilikisoma taa zote zikiwaka.*

Clifford alikaa na kitabu hicho mpaka chai ikaota utando. Alhamisi iliyofuata alimwendea Maureen.

"Kile alichokuwa nacho siku ile. Kiko wapi?"

Maureen alikijua bila kuuliza siku ipi. Ufunguo ulikuwepo ukurasa wa thelathini na saba, lakini karatasi ya mwisho ilikuwa nyeupe. Hilda alikuwa ameishia ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, pale kilipokuwa kimefunguka mapajani. Hakuwa amerudi kukimalizia, ingawa vingine vyote alivimaliza.

Clifford alikisoma kwa sauti kuanzia hapo, akiwa amekielekea kiti cha Hilda cha dirishani. Kilimchukua siku tatu, kwa kuwa hakuzoea kusema maneno mengi hivyo. Alipomaliza alichonga penseli kwa kisu cha viazi, akaandika kwenye ile karatasi nyeupe: *Hilda, si mume. Ni shemeji. Nilipaswa kukuuliza kwa nini unamshuku mume.* Akakirudisha.

Wiki mbili baadaye alikichukua tena. Chini ya maneno yake kulikuwa na mwandiko mwingine, na moyo ukamruka kabla hajamtambua samaki pembeni yake.

*Asante sana, Clifford Raistrick. Nina miaka sabini na tisa na sijawahi kuharibiwa mwisho wa kitabu namna hii. D. Thwaite.*

Hapakuwa na kitu kingine.

Siku hizi gari la maktaba linakuja mara moja kila wiki mbili, siku ya Alhamisi. Clifford huwa ameshavaa koti kabla honi haijalia. Anachukua vinne, na vyote Hilda ameshavisoma. Anasoma kwa sauti mpaka mwisho, anasoma na maoni ya mkewe, kisha anakiuliza kiti kinaonaje. Hakuna anayesema hata "mm."