Kondoo Wageuke

Bibi alinilea niwe Tumbili. Haikuwa kazi rahisi, kwa sababu mimi ni mtu wa kukaa pembeni na kusubiri wengine wamalize kusema. Nikinyamaza mbele ya wageni, alinifinya paja chini ya meza. "Sema kitu," alininong'oneza. "Tumbili hakosi neno." Basi nilijikaza, nikatoa mzaha, watu wakacheka, naye akarudia bakuli lake la tambi akiwa ameridhika.

Kwetu kila mwaka una mnyama wake, naye huwa nyota ya anayezaliwa humo. Ukweli ni kwamba nilizaliwa mwishoni mwa mwaka wa Kondoo, siku chache kabla ya mwaka wa Tumbili kuingia. Kijijini kwetu mtoto akizaliwa, kitambaa chekundu hufungwa langoni ili watu wajue. Bibi hakufunga kitambaa, alifunga lango lenyewe. Sikukuu ya mwaka mpya ikaja, majirani wakafika na mikate ya mvuke na pipi, naye akawajibu kupitia ufa wa mlango kwamba mkwewe ana homa ya kuambukiza. Mwaka ulipokwisha kugeuka ndipo alipotundika kitambaa, na tarehe iliyoandikishwa ofisini ikawa ile aliyoitaka yeye. Waliojua walikuwa yeye, baba na mama.

Yeye mwenyewe alikuwa Kondoo. Mumewe alikufa mapema, na tangu hapo alisikia kisimani yale yanayosemwa juu ya wanawake wa nyota hiyo: kwamba ni wapole, wepesi wa machozi, hawapendi ugomvi, na kwamba humaliza waume. Hakutaka nami niyasikie. Lakini nilipokuwa na miaka saba, paa la tanuri la matofali lilimwangukia baba yangu, akafa. Siku ile Bibi alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili, kisha akanivuta kifuani. "Usimwambie mtu," alisema. "Hata ukizeeka."

Nilipochumbiwa na Geng Shuo, swali la kwanza la mama yake lilikuwa nyota yangu. Halikuwa swali la ufidhuli. Mwanawe mkubwa alimwoa msichana Kondoo, na kabla mwaka wa ndoa haujaisha, lori lake la matofaa lilitoka barabarani mlimani, akafa. Msichana yule alirudishwa kwao na mablanketi yake. Kwa hiyo Bibi alipojibu, "Tumbili, tena aliyezaliwa asubuhi, macho makavu," Mama Geng alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Shuo ni Joka. Joka na Tumbili hupatana kuliko nyota zote, kila mtu anajua hivyo.

Kisha ukaingia mwaka wa Kondoo, na kwetu mwaka wa nyota yako mwenyewe ndio wa kuogopwa, maana mungu anayeutawala, mfalme wa mwaka, hukukazia jicho.

Kwenye gulio la hekalu, Bibi alinishika mkono tukaenda kumsikiliza mtabiri. Alikuwa bwana mnene mwenye kipaza sauti na kofia ya manyoya.

"Tumbili!" alinguruma. "Mwaka wa mgeni wa heri! Ulimi wenu utawafungulia milango, ila punguzeni ujanja. Mwenye mchumba na aoe kabla ya baridi!"

Bibi akanipiga kiwiko. "Umesikia? Kabla ya baridi."

"Nimesikia, Bibi. Na Kondoo?"

"Kondoo wanakuhusu nini wewe?" alisema kwa sauti ya kusikika na jirani. Lakini sikio lake lilikuwa limeshainama.

"Kondoo, poleni sana ndugu zangu. Mko chini ya jicho la mfalme wa mwaka. Nyinyi wenye moyo laini, mliozoea kubeba machozi ya watu, mwaka huu msibebe. Msivuke maji makubwa. Msisogelee jeneza. Mwenye mume amwangalie vizuri."

"Na ambaye mume alishaondoka?" Bibi alipaza sauti. "Amwangalie nani? Kuku?"

Watu wakaangua kicheko. "Wewe bibi mkubwa," mtabiri akamjibu, "mfalme wa mwaka mwenyewe anakukimbia!"

Bibi alicheka pamoja nao, lakini mkono wake ndani ya wangu ulikuwa baridi. Tulipofika nyumbani alifunga mlango wa chumba, akatoa mikanda miwili ya kitambaa chekundu, mmoja akajifunga yeye, mwingine akanifunga mimi chini ya sweta. Mkanda huo ni kinga ya aliye katika mwaka wa nyota yake, na mtu hajinunulii. Hutolewa na mkubwa wako. Nikamwuliza yeye wake kapewa na nani. "Wakubwa wangu wote wako shambani," akasema, akimaanisha makaburini.

Alikufa majira ya kuchipua, ngano ikiwa imefika magotini. Alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka.

Asubuhi ya maziko mama alinivuta ndani ya ghala la nafaka, akasukuma mlango kwa kisigino. Alikuwa ametoka kuzungumza na Mwalimu Lei, mtazamaji wa siku, ambaye ndiye husema ni nyota zipi zinagongana na saa ya kufunga jeneza. Wenye nyota hizo hutoka nje ya lango na kugeuza migongo, maana kile kinachotoka kwenye jeneza wakati kifuniko kinashuka huwapata wao kwanza.

"Ng'ombe," mama alisema. "Ng'ombe na Kondoo."

Nilikaa juu ya gunia.

"Utasema tumbo linakuuma," alisema. "Utaenda chooni, ubaki huko mpaka misumari iishe."

"Baba mkubwa amekwisha sema mimi ndiye nitakayemfuta Bibi uso. Mbele ya watu wote, mama. Mjukuu wa kwanza. Nikikosekana watanitafuta."

"Wakutafute!"

"Mama Geng naye yupo."

Mama alipandisha sweta langu, vidole vyake vikatafuta fundo la mkanda. "Huu lazima utoke. Mama Geng ndiye atakayekufunga kitambaa cha msiba kiunoni, atauhisi. Na huwezi kusimama mbele ya maiti na wekundu." Fundo lilikuwa gumu, la Bibi. Mama aliuma midomo akilifungua, na mkanda ulipoanguka nilijihisi kama mtu aliyevuliwa koti kwenye upepo.

"Nimfute haraka haraka," nilisema. "Nifute, nirudi nyuma, nifumbe macho. Nani anajua kama mambo haya ni ya kweli?"

"Baba yako anajua," alisema mama, kisha akaziba mdomo wake kwa mkono.

Uani tarumbeta zilikuwa zinajaribiwa. Mama Geng alinipokea kwa mikono miwili, akanizungushia kitambaa cheupe, akakivuta, akakikaza. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye harufu ya pilipili na sabuni. Alikuwa amepika mikate ya sadaka mwenyewe, mikubwa kama vichwa vya watoto.

"Tumbili wangu leo kanyamaza," alisema. "Lia, mwanangu, usiweke ndani. Halafu utakula. Unaniona nilivyokonda? Nilikonda hivi kwa kutokula nilipomzika yule wangu. Usinifuate."

"Nitakula, mama."

"Na huyu chukua." Alimsukuma Shuo mbele yangu kama anayeuza ndama. "Amekuja kubeba jeneza. Bega lake moja tu linafaa, lakini ni lako."

Shuo alinitazama kwa aibu. Alikuwa amenyoa vibaya, na kidevu kina kijeraha. "Nitabeba mti wa jeneza, mbele, kushoto," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukichoka njiani, tazama shati langu." Nilitamani kumgusa kile kijeraha. Sikuweza mbele ya watu, na pia niliogopa kumgusa.

Mwalimu Lei alisimama kizingitini, akakohoa, akatangaza. "Ng'ombe na Kondoo wageuke! Nje ya lango, migongo! Msione, msisikilize jina la marehemu!"

Mzee Bai, jirani yetu, akaokota fimbo yake. "Basi Ng'ombe tunafukuzwa," alisema. "Nikirudi nikute tambi zangu." Akatoka peke yake. Hakuna Kondoo aliyetoka. Nilimwona Mama Geng akihesabu kwa macho walioondoka, kama alivyofanya pengine katika kila msiba tangu mwanawe afe, kisha akatulia.

Niliingia. Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili virefu, na mlango ulikuwa nyuma yangu, jua la asubuhi likipita begani mwangu. Baba mkubwa alinipa pamba iliyochovywa kwenye maji ya moto yaliyopoa. Nilifuta macho ya Bibi, masikio yake, mdomo wake, nikisema yanayosemwa: aone vizuri, asikie vizuri, ale vizuri. Ngozi yake ilikuwa kama nta. Mkanda wake haukuwepo. Mtu alikuwa ameuona wakati wa kumvika, akautoa.

"Rudi nyuma sasa," alisema Mwalimu Lei. "Angalieni vivuli vyenu, jamani. Kisibaki kivuli cha mtu humo, asije akamfuata marehemu."

Nilitazama. Kivuli changu kilikuwa kimelala ndani ya jeneza, kichwa changu juu ya kifua cha Bibi. Niliiambia miguu yangu irudi, haikurudi. Kifuniko kilianza kuteleza kutoka upande wa miguuni, mbao juu ya mbao, kikipandia juu yake na juu yangu.

"Mtoeni!"

Ilikuwa sauti ya mama, lakini sikuwahi kuisikia namna ile.

"Mtoeni huyo! Yaqin, geuka! Geuka mwanangu, wewe ni Kondoo! Ni Kondoo, nilimzaa mimi, najua! Mtoeni!"

Tarumbeta zikakatika. Mikono ilinishika, sijui ya nani, ikanivuta kinyumenyume hadi uani. Kila niliowapita niliwaona wakirudi nyuma ili nguo zangu zisiwaguse. Uso wa Mama Geng sikuuona. Alikuwa ameuinamisha.

Nje ya lango, Mzee Bai alikuwa akivuta sigara mbele ya shamba la ngano. Aliniangalia mara moja tu. "Karibu," alisema. "Nilidhani nitasimama peke yangu." Nikageukia ngano kama yeye. Nyuma yetu nyundo ilianza, na kila pigo nililisikia mgongoni. Nilijaribu kukumbuka: kifuniko kilikuwa kimefika wapi nilipovutwa? Kifuani? Shingoni? Jua lilikuwa upande wa nyuma, na kivuli changu kilikuwa kimelala juu ya ngano, lakini mabua yaliyumba mno, sikuweza kujua kama kilikuwa chote.

Nyundo iliponyamaza nilisikia hatua ndogo. Mzee Bai akakohoa, akasogea mbali hadi kwenye mfereji.

"Usigeuke," alisema Mama Geng. "Baki hivyo hivyo."

"Mama, mimi..."

"Sikukasirikii. Nasema kweli. Nilikuwa nakupenda kabla sijajua, na nimekuja hapa bado nakupenda." Alivuta pumzi. "Yule wa kwanza nilimpata chini ya genge, matofaa yamemfunika. Nilikuwa nayatoa moja moja."

Kisha nikasikia nguo zikisuguana na ardhi. Nikaangalia chini kwa pembe ya jicho. Alikuwa amepiga magoti kando yangu kwenye mavumbi, mikono juu ya mapaja, mvi zake zikiwa usawa wa kiuno changu. Mkubwa kumpigia magoti mdogo! Kwetu anayepigiwa magoti na mkubwa hupunguziwa maisha yake.

"Inuka, mama. Tafadhali, inuka."

"Nimebaki na mmoja," alisema. "Niachie huyo."

"Inuka, watu wataona."

"Waone. Sema kwanza."

Kama angenitukana ningeweza kupinga. Ningesema sikumwua mtu, kwamba baba alikufa kwa sababu tanuri lilikuwa bovu, kwamba lori lilikuwa bovu. Lakini alikuwa magotini, na mimi nimeshika pamba iliyofuta uso wa Bibi, na sikuwa na uhakika wa kitu chochote.

"Nimekubali, mama."

"Akija mwenyewe?"

"Hata akija."

Akainuka kwa shida, akishika mkono wangu. Alipangusa magoti, akanyoosha kitambaa cheupe kiunoni mwangu pale kilipokuwa kimelegea, akakikaza tena kama mwanzo. Kisha akarudi ndani.

Tarumbeta zikapanda. Niliwasikia wanaume wakihesabu, wakainua. Jeneza likishainuliwa haliwekwi chini mpaka kaburini, na abebaye hasimami. "Ng'ombe na Kondoo, migongo!" Mwalimu Lei aliita tena, ingawa sasa hakuna asiyejua Kondoo ni nani.

Walitoka langoni. Miti ililia, viatu vikakwaruza kokoto, vikakaribia hadi nikahisi joto la watu wale nyuma ya shingo yangu. Mbele, kushoto, mtu alikuwa anahema.

"Yaqin," alisema Shuo. "Mimi sijali. Unanisikia? Sijali hata kidogo. Jioni nakuja kwenu."

Niliinua ncha ya kitambaa changu, nikaiuma. Mti wake ulilia tena, akapiga hatua, na nyingine.

"Yaqin? Najua huruhusiwi kugeuka. Basi itikia kwa kichwa tu."

Ngano iliinama na kuinuka. Nilikaza shingo mpaka ikauma, nikakishikilia kichwa changu kisitikisike, huku hatua zake zikiteremka kwenda makaburini.