Nyuma ya Mwavuli

Asubuhi na mapema, Makokha aliutambua mbele yake mwavuli wenye kiraka chekundu. Ulikuwa wa mama mkwe wake. Basi siku ikaharibika! Kwa Wabukusu, mwanamume hamkaribii mama mkwe, sembuse kumpita wakigusana mabega. Na njia ile ya kandokando ya Ziwa Naivasha ilikuwa nyembamba: kushoto mafunjo yenye viboko, kulia seng'enge ya shamba la mzungu.

Mvua haikukatika. Mama akipumzika, Makokha alisimama kama kigingi, amejifunika gunia kichwani, maji yakimtiririka mgongoni, akinung'unika. Kupumzika gani huku mvuani? Mchana mama akaanza kukaza mwendo. Makokha akashukuru Mungu, naye akakaza.

Jioni alifika kwake Longonot, meno yakigongana. Mkewe, Nabalayo, akamzuia mlangoni.

"Usiingie, Baba Wafula. Mama yumo ndani, anatetemeka. Kuna jitu la gunia limemfuata kutwa nzima! Akisimama, linasimama. Akikimbia, linakimbia. Anaomba ulitafute, ulifukuze."

Akampa rungu. Makokha alilitazama, akavaa gunia lake, akarudi mvuani.