Jumapili Bila Kuta, Thornton Heath

Restuta alikuwa anamkata Mzee Tavita kucha za miguu, katika sebule ya kituo cha wazee cha Thornton Heath, huko ughaibuni, mzee alipomwomba amletee lile kombe lake kubwa la baharini kutoka kabatini.

"Ni Jumapili, na jua linatua," alisema. "Kwetu visiwani Samoa, likipulizwa hili kijiji kizima kinaketi kusali. Hata anayepika anaacha sufuria."

Restuta, Mhaya wa Bukoba ambaye kwa muda mrefu hakuwa amepewa Jumapili ya kwenda misa, alilipangusa vumbi akampa. Mzee akapuliza. Sauti ilitoka nzito, ikapita chini ya viti, na kuta za kituo zikaondoka, kwanza za upande wa barabarani, kisha za jikoni. Paa lilibaki juu ya nguzo zake. Upepo uliingia na harufu ya kuku wa kukaanga.

"Ndivyo nyumba zetu zilivyo," alisema Mzee Tavita. "Kila mtu anamwona jirani yake akisali."

Dinah, Mkenya aliyesimamia zamu, alitoka ofisini, ambayo sasa ilikuwa meza na kiti tu. "Restuta, wafunike wazee miguu wasishikwe na baridi," alisema, akaenda kutafuta blanketi.

Barabarani walisimama wanaume wawili waliojifunga shuka kiunoni. Walikuwa binamu za Mzee Tavita, waliokufa zamani, na kazi yao ilikuwa ileile ya kijijini: kuzuia watu wasipite wakati wa sala. Basi likasimama. Dereva akazima injini, akavua kofia.

Dirishani mwa basi aliketi Vijay, mwana wa Bibi Amisha, mmoja wa wazee wa kituo. Bibi huyo, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa ameambiwa na mwanawe kwamba kituo kiko mbali mno na njia zake.

"Bibi, yule si Vijay wa kwenye picha?" Restuta aliuliza.

"Ndiye. Amenenepa. Mwite aje ale."

Mzee Tavita alianzisha wimbo wa Kisamoa, na wote wakaujua. Abiria waliimba sauti ya nne. Bibi Amisha, Mhindu tangu kuzaliwa, alipiga makofi mpaka bangili zikamfika kiwikoni. Restuta aliimba huku machozi yakimtoka, akicheka.

Baada ya sala chakula kiliandaliwa.

"Sahani ya kwanza ni ya mchungaji," alisema Mzee Tavita.

"Mchungaji hatuna," Dinah alisema.

"Basi mpe Restuta."

Restuta akala kwanza, akiwa ameketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini. Vijay alivuka barabara, akaketi karibu na mama yake.

"Mama, sikujua mnaishi hivi."

"Sasa umejua. Ongeza wali."

Walicheka sana. Kisha kuta zikarudi, na Vijay akambusu mama yake, akaahidi kuja katikati ya wiki, akatoka kwa mlango. Hakuja.

Jumapili iliyofuata Restuta alikuwa zamu tena. Kombe lilipulizwa, kuta zikaondoka, basi likasimama. Dereva alishuka na sahani yake, akasema yule bwana siku hizi hupanda basi linalozungukia mtaa wa nyuma.

"Huko nako kuna foleni," alisema Bibi Amisha. Alikuwa amevaa sari nyeupe ya Jumapili. Akasogeza kiti chake mbele, pale penye upepo, akaanzisha wimbo yeye mwenyewe.