Mita Mbili Zilizofutwa

Mtaani walimwita Bwana Mafuriko, wala hakuchukia. Aliona jina limemkaa kama shati la kushonewa. Kazi yake, katika ofisi ya bonde la mto, ilikuwa kuwaambia watu mto utafanya nini kesho. Kwa miaka miwili alikuwa amejenga modeli, yaani mto wa tarakimu ndani ya kompyuta: mvua inaingia juu, inapita milimani, misituni na mashambani, udongo unakunywa sehemu yake, na kinachobaki kinatokea mjini kikiwa mstari wa buluu kwenye skrini. Mstari ule ulimtii kuliko wanawe wa kuwazaa.

Mara moja tu ulimwaibisha. Mwaka uliotangulia alitangaza mafuriko makubwa, mtaa mzima ukabeba friji na magodoro hadi ghorofani kwa majirani, na mto ukapita zake kimya kama mgeni aliyekosea nyumba. Wiki mbili baadaye ikaja aibu ya pili, ila hiyo aliizima kabla haijamfikia mtu. Kwenye daraja la juu, kilomita thelathini kutoka mjini, kulikuwa na mama mmoja aliyeajiriwa kusoma kipimo, rula ndefu ya chuma iliyopigiliwa kwenye nguzo. Ofisini walimwita Mama Kipimo. Siku hiyo aliandika kwamba maji yalipanda adhuhuri mpaka mita nne na nusu, kisha yakashuka upesi. Modeli ilisema mbili na nusu.

"Maskini, miwani imemchosha," Bwana Mafuriko alisema kwa huruma. Kwenye kompyuta akafuta nne, akaandika mbili.

Mstari ukatulia. Akaupeleka kwenye mkutano wa wataalamu, ukapigiwa makofi, akarudi na cheti. Mkewe akakitundika sebuleni, mahali ambapo ukuta ulikuwa na ufa.

Mwaka huu mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Asubuhi ya siku ya nne mkewe alimsimamisha mlangoni.

"Baba Watoto, tunyanyue vitu?"

"Mita mbili na robo," alijibu akifunga viatu. "Kingo zetu zinabeba tatu na nusu. Acha vitu vilale, na wewe ulale."

Ofisini aliandaa tangazo la redio la saa nne: wananchi wasiwe na hofu, waendelee na shughuli zao. Alilisoma mara mbili, akalipenda. Saa tatu na nusu simu ikalia.

"Mtaalamu, maji yamefika nne na nusu," alisema Mama Kipimo. "Na yanapanda."

"Shikamoo, mama. Hebu soma tena."

"Marahaba. Nimesoma mara tatu. Tena leo nasoma nikiwa juu ya daraja, ngazi imeshazama."

"Lakini modeli inaonyesha..."

"Hiyo modeli iko wapi?"

"Iko hapa, mezani kwangu."

"Imelowa?"

"Hapana."

"Basi mimi nimelowa," alisema Mama Kipimo, akakata simu.

Bwana Mafuriko aliishusha simu. Nne na nusu. Namba hiyo aliijua, waliwahi kukutana. Akafungua kabati, akalitoa daftari la Mama Kipimo la mwaka jana. Ile nne ilikuwepo, imeandikwa wazi kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na pembeni yake kwa herufi ndogo: *Nimerudia mara mbili, ni kweli.* Maneno hayo hakuwahi kuyasoma. Alisoma namba tu, nazo alizisoma zilizompendeza.

Mkuu wa ofisi akachungulia. "Tangazo tayari?"

Mdomoni Bwana Mafuriko alikuwa na akiba ya maneno mazuri: mashaka ya takwimu, mapungufu ya vifaa, mabadiliko ya tabianchi. Hakulitumia hata moja.

"Mkuu, nimekosea. Si modeli, ni mimi. Mwaka jana mto ulituonyesha hivihivi, nikaifuta namba kwa mkono wangu."

Mkuu akaingia ndani. "Mkono upi?"

"Huu hapa."

"Basi andika nao tangazo jingine. Maji yatafika saa ngapi?"

"Saa nane. Pengine kabla."

Redio ilitangaza, shule zikafungwa, gari la ofisi likazunguka mabondeni na kipaza sauti. Ilipotimia saa sita ndipo akakumbuka kwamba naye ana nyumba bondeni. Alimpigia mkewe, simu haikupokelewa. Akatimua mbio, tai ikimpepea begani, mtaalamu mzima akikimbizwa na mto ambao asubuhi alikuwa ameukataza kuja.

Nyumba aliikuta tupu. Hakukuwa na kochi wala sufuria. Mkewe alikuwa ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye ngazi za ghorofa la majirani pamoja na watoto, wanakula.

"Redio imewawahi?" aliuliza akihema.

"Redio gani? Tumemaliza kubeba saa tatu."

"Nani aliwaambia?"

"Wewe."

"Mimi nilisema vitu vilale!"

"Ndiyo maana," alisema mkewe bila ukali wowote. "Mwaka jana ulisema mto unakuja, haukuja. Leo umesema hauji. Ulipokunja kona tu, nikawaambia majirani, mtaa mzima ukaanza kubeba."

Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Naye akacheka, maana hakuwa na la kufanya. Hata hivyo machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya kicheko. Maji yalifika saa nane kasorobo, yakapanda hadi madirishani. Hakufa mtu.

Wiki iliyofuata alikwenda daraja la juu. Alimkuta Mama Kipimo akikwangua tope kwenye rula, akamweleza yote, mita mbili na cheti. Mama huyo aliendelea kukwangua mpaka namba ya mwisho ikaonekana.

"Una viatu vya kupandia mlima?" aliuliza.

Hakuwa navyo. Walipanda mlima hivyohivyo, akateleza mara nne na suruali ikabadilika rangi. Kwenye ramani yake mteremko ule ulikuwa msitu mnene wa kijani. Mbele ya macho yake kulikuwa na visiki, na mashamba yaliyolimwa kwa matuta yanayoshuka moja kwa moja mtoni kama mifereji ya bati. Mvua ikinyesha hapa haina pa kunywewa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Mbona hamkutuambia, mama?"

"Niliwaambia. Kwa namba."

Bwana Mafuriko aliketi juu ya kisiki, akatoa daftari lake lililolowana, akaanza kuchora upya mlima ule kipande kwa kipande. Wakulima wawili walisogea. Mmoja wao, mwanamke mwenye jembe begani, aliuliza, wakigeuza matuta yakatize mteremko na kupanda nyasi kingoni, mto utapungua kwa kiasi gani.

Alifungua mdomo kutaja namba. Akaufunga.

"Sijui, dada," alisema. "Tuanze na shamba lako, tupime."

Yule mwanamke akamkabidhi jembe.