Gunia Mlangoni mwa Zizi

Mama yake Kendi alitundika gunia mlangoni mwa zizi mara tu mtamba alipoanza kulala na kuinuka, kulala na kuinuka. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yao pale Kanyakine: ng'ombe anayezaa haonyeshwi watu. Jirani akiliona gunia, hupita.

Kendi hakuamini jicho baya. Aliamini alichokishuhudia mwaka uliotangulia, alipoliinua gunia hilohilo, akawasha taa na kuwarushia maelfu ya wafuasi wake mtandaoni uzazi wa ng'ombe moja kwa moja. Ng'ombe alishtushwa na mwanga, uchungu ukakatika, na ndama akafa tumboni wakati Kendi akijibu maswali ya watu. Uchawi haukuwepo. Ilikuwepo taa, zilikuwepo kelele, na alikuwepo mtu ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye simu.

Baada ya hapo akawa hawezi kulala bila kusoma maoni ya wafuasi, na akiyasoma hapati usingizi. Mwezi huu alikuwa amempa mama simu aifungie kabatini. Usingizi ulikuwa umeanza kurudi.

Sasa alipiga magoti nyuma ya mtamba, akatazama, akatazama tena.

"Miguu ya mbele imetoka. Kichwa hakionekani."

"Tuvute," alisema Murungi, kaka yake, aliyefunga karakana yake ya pikipiki mapema ili kuja kusaidia.

"Ukivuta utamuua. Kichwa kimegeukia nyuma. Mpigie Daktari Ngari."

"Namba yake?"

Namba ya daktari wa mifugo Kendi hakuwahi kuihifadhi. Ilikuwa ndani ya WhatsApp, katikati ya vyote alivyovikimbia.

"Mama, lete simu."

Mama aliileta akiwa ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba kaa la moto. Murungi alipoiwasha, ilitetemeka mfululizo mkononi mwake. Akapekua, kisha akasimama.

"Sista, Kinoti yuko laivu. Anakutaja."

Kinoti alikuwa mfugaji wa Kaaga mwenye wafuasi wengi kumshinda, na ulimi mrefu zaidi.

"Tafuta namba."

"Anasema hujawahi hata kukamua. Ati ng'ombe ni wa kuazima, wa kupigia picha. Sikia: 'Kama Kendi ni mfugaji, ajitokeze sasa hivi!' Watu wanacheka."

Mtamba aliguna, akasukuma. Kwato ndogo zilisogea kidogo, zikarudi.

"Murungi. Namba."

Murungi akaweka simu kwenye spika, daktari akapokea. Alikuwa Ishiara, kwa mfugaji wa mbuzi. Kufika kungechukua muda ambao ndama hakuwa nao. Akauliza maswali mafupi, naye Kendi akajibu kwa ufupi huohuo, akiosha mkono kwa sabuni hadi begani.

"Sawa. Mtamba akiacha kusukuma, mrudishe ndama ndani. Akisukuma, tulia. Tafuta pua. Funika meno kwa kiganja yasimchane mama yake, halafu lete kichwa mbele."

Kendi aliingiza mkono. Joto, utelezi, shingo iliyopinda. Mtamba aliposukuma, mfupa ulimbana kifundo cha mkono hadi machozi yakamtoka. Akasubiri.

Ndipo mwanga mweupe wa simu ulipompiga usoni. Mtamba akaruka kando, akamburuta Kendi pamoja naye.

"Unafanya nini?"

"Sekunde moja tu! Mkono uko ndani ya ng'ombe, Kendi. Kinoti atasema nini tena? Nibonyeze tu uende laivu."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma. Ushahidi bora kuliko huo asingeupata maishani. Akilini aliuona uso wa Kinoti ukinywea, akaiona hesabu ya watazamaji ikipanda. Chini ya kidole chake, ulimi wa ndama ulitikisika kidogo.

"Zima."

"Sista..."

"Zima taa, shika mkia. Daktari, bado upo?"

"Nipo. Umeipata pua?"

"Nimeipata."

Kichwa kilikuja polepole, kikakwama, kikaja. Wakavuta wote wawili kwa mwendo wa mtamba mwenyewe. Ndama alianguka kwenye nyasi kavu, hapumui. Kendi alimchokonoa puani kwa unyasi. Kimya. Akachokonoa tena, na ndama akapiga chafya.

"Ni jike," alisema mama nje ya gunia, ingawa hakuna aliyemwambia. "Nimesikia chafya yake."

Murungi alicheka, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Picha moja basi. Ya ukumbusho."

"Gunia bado liko mlangoni." Kendi alimwonyesha mkaa uliokuwa kando ya jiko la maji moto. "Andika namba ya daktari hapo juu ya mlango. Kubwa. Halafu mrudishie mama simu."

Murungi aliandika, tarakimu moja baada ya nyingine, huku simu ikiendelea kutetemeka mfukoni mwake. Kendi alikuwa ameshachuchumaa kando ya mtamba, akikamua dang'a, maziwa ya kwanza ya ndama, kwa mkono uliovimba.